Mama Mkwe, Nirudishie Kelele za Gari Langu

Kwako Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, magoti hayakusumbui na kuku wako wanalala salama. Habari ya hao kuku nitaigusia huko chini. Sisi huku hatujambo, ukinitoa mimi.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BINTI YAKO KWA KOSA LA KUTENGENEZA GARI LIKATENGENEZEKA

Mama, mkwe mwenye adabu hafungui mdomo mbele ya mama mkwe wake, ndiyo maana nimefungua kalamu. Jumamosi iliyopita binti yako alilipiga gari langu jeki hapa uani, akang'oa magurudumu ya mbele, akatoa diski za breki na pedi zake zilizochakaa, akafunga mpya. Jua lilipofika utosini alikuwa ameshanawa mikono. Sasa gari linasimama pale pale unapotaka lisimame, tena kimya. Hicho kimya ndicho kilichonileta kwako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kazi ilifanyika bila kibali changu. Nilikuwa nimeshatangaza mbele ya familia nzima kwamba breki nitazishughulikia mimi mwenyewe wiki ijayo. Binti yako anadai hiyo wiki ijayo imekuwa ikija tangu mtoto wetu wa mwisho hajaota meno, na sasa meno yenyewe yameanza kung'oka. Mimi nashikilia kwamba haraka haraka haina baraka, na yeye akang'ang'ania jeki.

2. Amenichafulia jina kuhusu pedi. Anawaambia watu kwamba zile pedi za zamani nilizifunga kinyume, chuma kikawa kinasugua diski mpaka zikachimbika mifereji, na kwamba bila mimi diski zisingehitaji kubadilishwa. Mama, pedi ina pande mbili, chuma na laini. Ule laini niliuelekeza kwenye kalipa, yaani kile chuma kinachozibana pedi, ili kisiumie. Kama kuna mtu ndani ya nyumba hii aliyewahi kumhurumia kalipa, ni mimi. Na gari liliendelea kusimama vizuri tu, hasa likiwa linapanda mlima.

3. Tai yangu. Ukishaifungua kalipa huwezi kuiacha ining'inie kwenye mpira wake wa mafuta ya breki, mpira utakatika. Hilo hata mimi nalijua, nimelisikia kwa binti yako. Basi akatafuta kitu cha kuifungia, na uani tuna waya, kamba za kuanikia na mikanda mitatu iliyokatika. Akaingia kabatini akatoka na tai ya harusi, ile uliyonifunga wewe kwa mikono yako mwenyewe. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba tangu siku ile tai hiyo haijawahi kushika kitu cha maana. Nimelitafakari jibu hilo kwa siku kadhaa, na kila nikilitafakari linazidi kuwa tusi.

4. Heshima yangu mtaani imeshuka. Mshona viatu, mwenye duka la pembeni na mwalimu mstaafu walikuja wakajipanga ukutani kutazama. Mimi, ili nisionekane nimekaa bure, nilishika tochi. Nikaambiwa namzibia mwanga. Kweli ilikuwa asubuhi na jua linawaka, lakini mume haambiwi hivyo mbele ya mshona viatu. Zamani walikuwa wananiita Mzee Filimbi, kwa ajili ya ule mlio wa breki, na jina nilikuwa nimeshalizoea. Leo naitwa Mume wa Fundi, na wakinisalimia ni kwa kuulizia kama fundi yupo.

5. Hapa sasa ndipo penye kidonda. Zamani nikikata kona ya duka na kukanyaga breki, gari lilikuwa linalia kwiiiii, nyumba nzima inajua baba kafika. Televisheni inazimwa. Mkubwa anashika kitabu, hata kama amekishika juu chini. Binti yako anabandika chai, na yule mdogo anakimbia kunifungulia mlango. Najua utanikumbusha kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Sawa Mama, lakini debe hili lilikuwa linapokewa mlangoni.

Tangu Jumamosi naingia kwangu kama mwizi. Jumatatu nilimkuta mkubwa amekaa kwenye kiti changu, miguu juu ya meza, anakunywa kwa kikombe changu, na aliponiona alishtuka akanimwagia. Jumanne nilisikia kicheko tangu nikiwa getini, kicheko cha watu wote, na cha mama yao ndicho kilichokuwa kikubwa. Nikaharakisha na mimi nikacheke. Nilipofungua mlango wakanyamaza. Binti yako akauma mdomo, akageukia sufuria. Mama, iliniuma. Nilikula nikiangalia sahani, na hakuna aliyeniambia walikuwa wanacheka nini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo wa hicho umenipiga hapa kifuani.

6. Hatari ya mbele ni kubwa kuliko hiyo. Aliyeanza na breki hataishia kwenye breki. Kesho atalipaka grisi geti, ambalo nalo lilikuwa likinisemea. Kesho kutwa ni ule mlango unaohitaji kusukumwa kwa bega langu, halafu kiti changu chenye mguu mmoja mfupi ambacho mimi pekee ndiye ninayejua kukikalia. Akimaliza vyote vinavyopiga kelele humu ndani atabaki na mimi ninayekoroma, na wote tunajua anazo spana za kila saizi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa unyenyekevu.

Kwanza, diski zangu za zamani zirudi. Ninazo habari kwamba binti yako alikuletea wewe, na kwamba moja umekandamizia mfuniko wa pipa la maji na nyingine unazuilia mlango wa banda. Kuku watafute ulinzi mwingine. Kama zimeota kutu usizisugue, kutu inasaidia sauti.

Pili, lile sanduku la spana aliloachiwa na marehemu baba mkwe, dereva wa malori, libaki kwako chini ya kitanda chako. Umwite alilete yeye mwenyewe. Sanduku libaki, binti arudi. Hilo la mwisho naomba lieleweke vizuri.

Tatu, nikikosa haki, nitarudi kwetu kwa mama yangu. Njia ya huko ina mteremko mkali sana, lakini kwa breki zilivyo sasa sina wasiwasi.

Nisalimie mashemeji wote, wakubwa kwa wadogo, hata yule aliyeazima ngazi yangu. Msalimie na jirani yako mkorofi, na kuku pia, uwaambie sina ugomvi nao binafsi.

Wako mtiifu, anayefika kwake bila kusikika,

Mkweo, aliyekuwa Mzee Filimbi.

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa kisu cha mkate. Jioni hii nimeegesha gari, nikanyata hadi dirishani nisikie wanachochekea, nipate kukiongeza kama lalamiko la saba. Mama, mdogo alikuwa amesimama juu ya kiti changu, amebana pua, analia kwiiiii. Mara televisheni ikazimwa, mkubwa akarukia kitabu, binti yako akabandika chai, wakakimbilia mlangoni wote wakafungua. Hakuna mtu. Wakacheka mpaka wakaketi sakafuni, halafu mdogo akapanda kiti, wakaanza upya. Kumbe wamekuwa wakinipokea kila siku kabla sijafika.

Nikarudi kwa miguu hadi kona ya duka, nikabana pua, nikalia mwenyewe kwa nguvu zangu zote. Mwenye duka aliangusha mizani. Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi na wamejaa pale, na chai ilikuwa motoni.

Diski usizilete, kuku wabaki nazo. Sanduku nalo tunalihitaji. Breki za nyuma zinabadilishwa Jumamosi, na nimekubaliwa kushika tochi.