Kura ya Vikombe kwa Mi Kun Chan

Redio ya Mi Kun Chan, mama mwenye mgahawa wa chai, haikuwa imemaliza taarifa ya habari, Balozi akagonga meza mpaka chai ikamwagika.

"Mmesikia? Chama kisichosimamisha mgombea kinafutwa! Wanajeshi wamejiweka wenyewe madarakani, sasa wanatulazimisha tushindane nao!"

Balozi hajawahi kuwa balozi wa mtu. Alikuwa akimenya kamba wa baharini kiwandani Thailand, akarudi hapa Mudon, Burma, anaijua dunia yote. Tukamgeukia Mbunge, mwenyekiti wa chama cha kabila letu la Wamon, ambaye hajawahi kushinda hata mara moja.

"Bwana Mbunge, unasimama?" nikamuuliza.

"Nisiposimama, chama cha marehemu baba kinafia mikononi mwangu. Nikisimama, vijana wanaopigana na jeshi msituni wataniita kibaraka. Niambieni basi, jamani!"

"Simama!" Mwalimu Tambuu akatema mate mekundu. "Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Thubutu! Atakuwa pambo kwenye harusi ya watu," Balozi akafoka.

"We si ndiye uliyejitenga mwaka ule ukaanzisha chama chako?" Mwalimu akamrudi.

"Nilijitenga kutafuta umoja!"

Ndivyo tulivyo. Wamon watatu wakikaa mezani, chama cha pili kinazaliwa kabla chai haijapoa.

Tukapiga kura. Anayetaka asimame ainue kikombe, asiyetaka akifudikize. Mimi na Mwalimu tukainua. Balozi na Mi Kun Chan wakafudikiza. Mbunge alikishika chake tu, hakuinua wala hakufudikiza.

"Muulizeni yule," Mi Kun Chan akaelekeza kidevu meza ya pembeni.

Yule ni Sikio, shushushu wetu. Ananunua kikombe kimoja asubuhi, halafu anakalia birika la chai ya bure mpaka mchana. Tumemzoea, hata tambuu tunampa.

"Bwana Sikio, hebu sema ukweli. Wakubwa zako wanakiogopa chama chetu?" nikamuuliza.

Sikio akajikuna shingo, kaona haya. "Walitaka kukifuta tangu mwaka jana. Nikawatetea. Nikawaambia, wale nimewasikiliza miaka mitatu, msihangaike. Watajifuta wenyewe."

Iliuma kuliko kifungo. Mbunge akainuka, kavimba kwa hasira.

"Basi nasimama! Wajue tupo!"

"Hapo sawa," akasema Mwalimu, "ila uniachie uenyekiti."

"Uenyekiti wewe? Una nini?" Balozi akaruka.

"Na mimi je?" nikauliza.

Mbunge akaenda kujiandikisha peke yake. Sisi tulikuwa bado tunagombea kiti chake.