Aliyekufa Kabla ya Jina la Filamu

"Harusi ya Jumamosi haipo," alisema Komando kabla hata ya salamu, akajitupa kwenye benchi kama mtu aliyeleta habari na anataka kahawa ya bure kwa ajili yake.

Kibaraza chetu ni cha Futi, fundi cherehani, ambaye utepe wa kupimia haujawahi kumtoka shingoni, hata msibani. Mimi natengeneza redio na televisheni chumba cha pili, lakini kazi ikiwa haba nahamia benchini, na ikiwa nyingi nahamia vilevile. Dada Birika anauza kahawa pale ngazini. Komando ni mlinzi wa ghala la mbolea. Jina tulimpa kwa sababu hatujawahi kumwona akikimbia. Na harusi aliyoitaja ni ya binti yake Futi. Gauni lenyewe lilikuwa linaning'inia nyuma yetu ndani ya nailoni, Futi kalishona kwa mkono wake siku kumi na saba.

Mkasi ukamponyoka Futi.

"Komando, kama ni utani, umeze."

"Ningekuwa na utani ningecheka. Natoka kinuni sasa hivi. Mkweo Mizani anasema mbele ya watu na magunia kwamba yeye haendi harusini kwa watu waliomuua."

Mizani ndiye baba wa bwana harusi. Anapima magunia kinuni, na neno lake pale halipingwi na mtu wala na jiwe la mizani.

"Waliomuua nani?" nikauliza.

"Yeye."

"Na anayesema ni nani?"

"Yeye. Kwa sauti kubwa tena."

Dada Birika akatua birika. "Leo nimesikia maiti inayojitangazia msiba. Wamemuulia wapi?"

"Kwenye video ya posa aliyopelekewa jana."

Sote tukageukia mwisho wa benchi alikokaa Kata. Kata ni mpiga picha wa sherehe. Tangu utotoni amelelewa na filamu za mapigano kuliko alivyolelewa na mama yake, na hata akikuomba chumvi huanza kwanza kwa kunyamaza.

"Msiniangalie hivyo," akasema. "Mimi nimefungua filamu kama filamu zinavyofunguliwa."

"Nilikwambia uchukue picha za posa!" Futi akafoka. "Nani alikwambia ufungue kitu?"

Nikawaita ndani, nikawasha televisheni ya mteja ambayo nilikuwa nimeimaliza wiki iliyopita bila kumwambia. Kata akachomeka kidude chake.

Kiza. Tukasikia mtu anahema. Kisha herufi nyeupe zikaanza kujiandika moja moja, ta-ta-ta-ta: SAA NNE NA DAKIKA SABA. NYUMBANI KWA BIBI HARUSI.

"Anayehema nani?" akauliza Futi.

"Mimi. Nilihemea bafuni, kuna mwangwi mzuri."

Mara tukaruka juu ya mapaa. Kamera ya kuruka ikazunguka nyumba ya Futi kama mwewe aliyeona kifaranga, na ngoma nzito ikipiga chini kwa chini: du, du, du.

"Bati la jirani lenye tairi bovu juu yake lilikuwa na ulazima gani?"

"Hapo naonyesha eneo, mzee. Mtazamaji lazima ajue watu wataingilia wapi na watatorokea wapi."

"Watoroke? Ni posa, sio wizi wa benki!"

Vikafuata viatu. Viatu vyekundu vya kike vikishuka garini, kimoja, halafu baada ya kitambo kirefu, cha pili. Vikatembea. Vikapanda ngazi. Uso hakuna.

"Huyo nani?" Komando akanong'ona, tayari kashikwa.

"Shangazi wa bwana harusi."

"Mbona humwonyeshi uso?"

"Uso unacheleweshwa ili uwe na hamu nao."

"Shangazi yule?" Dada Birika akaguna. "Mtaa mzima unamjua. Hamu ilishatuisha zamani."

Picha ikageuka rangi ya bluu, wageni wote wakaonekana kama wametolewa kwenye friji. Kata akatueleza kwamba bluu ni dalili ya hatari. Halafu zikaja picha za harakaharaka: sahani, jicho, mkono, sahani, jicho, mlango, na kamera inatetemeka.

"Siku hiyo ulikuwa na homa?" nikamuuliza.

"Ni msisimko, kaka. Watu walikuwa wanapakua."

Ndipo akatokea Mizani. Bluu ikaondoka, jua likamwagika, kila kitu kikawa cha dhahabu. Mizani kakaa kitini uani, anacheka kwa mwendo wa kinyonga, jino moja baada ya jingine. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa picha ya mjukuu wake, akamwonyesha mtu wa kando. Akaibusu. Ngoma ikanyamaza. Kelele za watu zikanyamaza. Ikabaki sauti nyembamba tu, nyiiiii, kama sikio lililopigwa kofi.

DUUUM!

Kiza. Kisha maandishi mekundu: POSA.

Kata akasimamisha hapohapo na kutuangalia, anangoja makofi.

Dada Birika ndiye aliyeanza. "Futi, mkweo ameuawa."

"Ameuawaje, na mimi nilimsindikiza mpaka garini kwa miguu yake?"

"Wewe filamu huzijui. Mzee mwema, anayecheka juani, akatoa picha ya mjukuu, halafu sauti zote zikazima? Huyo halioni jina la filamu. Angekuwa na pingu na kovu usoni angeishi mpaka dakika ya tisini. Hapo bado kusema amebakiza siku mbili astaafu."

"Alisema miezi miwili!" Kata akaropoka. "Hiyo niliikata, ilikuwa ndefu."

Futi akakaa juu ya redio ya watu. Nilimhurumia kwa kweli. Mtu ameshona gauni siku kumi na saba, ametoboka vidole, halafu linataka kubaki bila bwana harusi kwa sababu ya mlio. "Binti yangu nitamwambia nini?" akasema polepole. "Nimwambie amekosa mume kwa duuum?"

Nje breki zikalia. Pikapu ya kinu.

Komando akachungulia dirishani, akaanza kutangaza kana kwamba analipwa. "Mlango umefunguliwa. Mguu wa kwanza umeshuka. Kiatu cheusi. Anangoja. Mguu wa pili..."

"Uso je?" Kata akauliza.

"Uso bado. Kuna vumbi."

Lile halikuwa vumbi, ulikuwa unga. Mizani aliingia mweupe kuanzia kofia hadi kope, akasimama mlangoni, hakumpa mtu mkono.

"Nani aliniua?"

Vidole vyote vikamwelekea Kata. Hata cha Kata mwenyewe, nilikiona.

"Mzee, naomba nijieleze. Haikuwa nia. Pale watoto walichomoa waya wa maikrofoni, sauti ikapotea. Nikasema nikiacha kimya kitupu nitaonekana fundi mbovu. Nikaweka ule mluzi. Halafu mluzi mtupu ukawa hauna mwisho, nikauwekea mlio. Na baada ya mlio kama ule, mzee, huwezi kurudi kwenye pilikapilika za kawaida. Lazima kiza."

"Kijana," Mizani akasema, "mimi natazama mapigano tangu sinema ikionyeshwa kwenye shuka. Ungeniua tu, ningenyamaza. Wazee hufa mwanzoni, ndiyo kazi yetu, ili wengine wapate hasira za kuendesha hadithi. Bonyeza. Iendelee."

Mizani akasogea, akabamiza ufunguo wa pikapu juu ya televisheni.

"Bonyeza!"

Maandishi mekundu yakayeyuka. Picha ya kwanza baada ya kifo cha Mizani ilikuwa uso wa Futi, karibu kabisa, unajaa kioo kizima, mdomo umejaa keki, anacheka mpaka machozi.

Futi akaufunika mdomo wake kwa utepe.

"Mnaona?" Mizani akasema. "Nimekufa, duuum, mkwe anacheka. Mke wangu kaona. Wajukuu wameona. Mdogo wao akaniuliza, babu, kwa nini yule mzee wa utepe alikuua?"

"Mkwe!" Futi akaruka. "Wallahi nilikuwa nacheka habari nyingine! Ile ilikuwa saa nane, wewe ulipigwa picha saa tano!"

"Ndiyo mambo ya kukata na kuunga hayo," akasema Dada Birika. "Ukiziweka picha mbili jirani, watu huzitungia ugomvi wenyewe. Kama mtaa huu tu." Akamgeukia Mizani, akamwinamia kidogo kwa heshima. "Mzee wangu, nikuulize kitu, wewe ni mjuzi. Maiti umeiona?"

"Maiti gani?"

"Yako."

Mizani akafikiri. "Hapana. Ilikuwa mlio tu na kiza."

"Na mtu ambaye maiti yake haikuonyeshwa?"

Polepole, chini ya unga, nikaona uso wa mzee unafunguka. "Huyo hajafa," akasema. "Huyo ndiye stelingi."

"Basi kinachokosekana ni kurudi kwako tu. Na umekuja na moshi wako mwenyewe."

Hatukumpa nafasi ya kukataa. Kata akakimbilia barabarani na kamera, akalala kifudifudi kwenye mchanga ili mzee aonekane mrefu. Komando akampiga Mizani kofi la mgongo, wingu la unga likapanda mpaka kwenye bati. Humo akatokea, kwanza kiatu, kisha mkono, kisha uso, taratibu, jicho moja limebanwa. Futi kaambiwa amwone, ashtuke, amkumbatie. Kushtuka hakukumshinda. Alipomkumbatia ndipo alipoharibu: akalia kweli, kwikwi, utepe ukawazunguka wote wawili.

"Nilidhani nimeshampotezea mwanangu harusi," akasema begani kwa mkwewe. Mizani akampapasa mgongo, akamwachia vidole vya unga kwenye shati.

"Sasa uondoke, mzee!" Kata akapaza sauti toka chini. "Nenda garini, usigeuke nyuma! Stelingi hageuki!"

Mizani akajinyoosha, akaenda zake kwa mwendo wa kinyonga bila mtu kumsaidia. Ndipo nikachungulia ndani, nikaona ufunguo wa pikapu bado uko juu ya televisheni.

"Mzee! Ufunguo!"

Hakugeuka. Akafika garini, akasimama mbele ya mlango uliofungwa, kifua mbele, jua la saa sita linampiga utosini. Tukangoja. Yeye akangoja zaidi.

"Mkwe, ufunguo wako!" Futi akaita.

Mkono mmoja ukaja nyuma, kiganja wazi. Futi akaingia ndani, akaukwapua ule ufunguo, akakimbia, utepe ukipepea, akauweka kiganjani.

"Jumamosi saa nne nipo kwako," Mizani akasema, macho yake yakiwa bado barabarani. "Na mkwe, safari hii usicheke mpaka uhakikishe nimefufuka."