Kondoo Mmoja kwa Inchi Sabini na Tano

Jumatatu, 4 Mei

Nimeamua. Runinga mpya, tena kubwa, kabla ya Jumapili!

Sababu ni baba mkwe. Jumapili Reli anapambana na Buldoza kwenye mieleka, uwanjani Dakar. Reli ni kijana wa hapa hapa Thiès, na aliyemfundisha kubwaga watu ni Pa Waly Faye, baba wa mke wangu. Mzee mwenyewe aliwahi kuwa mpiganaji wa kuogopwa. Sasa macho yamechoka, anaona vivuli na rangi tu, lakini pambano la kijana wake hawezi kulikosa. Na atalitazamia wapi? Kwa Massamba Diop! Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta! Kisa Massamba ana runinga ya inchi arobaini na tatu, na mimi nina kijisanduku ambacho mtu akianguka uwanjani hujui ni mtu au ni vumbi kwenye kioo.

Asubuhi Yandé, mke wangu, amenipa za uso. Ati baba yake anapita mlangoni kwa mkwe, anasalimia, kisha anakwenda kukaa kwa jirani, na mtaa mzima wa Randoulène unaona. Akauliza kama mimi ni mkwe au ni kituo cha kupumzikia. Sikujibu. Nilikuwa na kahawa mdomoni.

Massamba kasikia yote kupitia ukutani. Akapaza sauti kwamba nisijali, mzee atapata kochi na mimi nitapata nafasi sakafuni, mradi nisiwamalizie wali. Mimi ni Ndiaye, yeye ni Diop. Watani tangu enzi za mababu. Anaweza kuniita mlafi na mtumwa wake mchana kweupe, nami siruhusiwi kununa. Sikununa. Nilijifungia chooni nikapanga mikakati.

Jumanne, 5 Mei

Nimezunguka maduka yote ya mtaa wa Escale. Runinga, Mungu wangu! Zote zinang'aa, zote zinaonyesha samaki wale wale wa rangi. Dada mmoja muuzaji akaniuliza kutoka kochi hadi ukutani sebule yangu ina urefu gani. Nikamwambia nimekuja kununua runinga, sikuja kuuza nyumba. Akasema chumba kidogo inchi hamsini zinatosha, ukikaa karibu na kubwa mno utaona pua tu. Akasema pia niitazame ikiwa imewashwa, tena nikiwa pembeni, maana wageni hawakai wote katikati. Nikamshukuru nikaondoka. Mimi ni dalali wa nyumba na mifugo. Mtu akikwambia ndogo inatosha, ujue kubwa zimemwishia.

Massamba naye jana alinishauri nipime sebule kwanza. Ndiyo maana sikupima.

Nikaenda nyuma ya stesheni, kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika Ulaya. Ndipo nikaiona. Inchi sabini na tano! Ilikuwa imezimwa, nyeusi tii, nikajiona mzima ndani yake toka kofia hadi makubadhi. Nilipendeza.

Mwenye duka akajitaja: Bara Diop. Diop! Roho yangu kwatu! Nikaanza utani hapo hapo. Nikamuuliza mtumwa wangu nani kamruhusu kufungua duka bila idhini yangu, nikamwamuru anawe mikono ya wali anifungie mzigo. Wateja mbavu hawana. Bara akajibu kwamba akina Ndiaye hawajawahi kununua kitu, huwa wanakuja kunusa sufuria. Tukacheka, tukanywa chai mizunguko yote mitatu ya desturi. Akasema bei ya wengine haisemeki, ila kwa mtani mambo huwa mengine. Akauliza nina nini nyumbani.

Nina kondoo.

Najua, najua. Ni kondoo wa Idi Kubwa. Dume jeupe, pembe zimejisokota, Yandé anamwogesha kwa sabuni yake mwenyewe. Paja la kondoo huenda kwa Pa Waly kila Idi, na hiyo ndiyo heshima ya mke wangu kwao. Lakini Idi bado! Kondoo wamejaa duniani na mimi ndiye dalali wao. Nitampata mwingine.

Sikuiwasha. Bara alisema umeme wa duka hauwezi kubeba runinga ya hadhi hiyo. Nikasikia fahari. Tukapeana mikono.

Jumatano, 6 Mei

Kondoo nimemtoa Yandé akiwa sokoni. Nimemwambia nimempeleka kijijini Fandène kwa rafiki, akanenepe kwa majani mabichi. Amenisifu! Amesema kumbe nikitaka ninafikiri. Nimejisikia vibaya kwa muda mfupi.

Kisha runinga ikafika kwa gari la farasi. Haikupita mlangoni. Tukaisimamisha, haikupita. Tukailaza, wapi! Ikabidi tung'oe nondo za dirisha. Massamba akaja kusaidia bila kuitwa, anashika kona moja na kunichamba kwa sauti ya mnadani. Aliuliza kama nimenunua runinga au nimeiba mlango wa benki. Watoto wa mtaa wakapiga makofi ilipoingia. Mimi nikainama kidogo, kama kiongozi.

Tatizo dogo: sebule. Nikikaa kwenye kochi, magoti yanagusa kioo. Nimesukuma kochi nyuma hadi likaziba mlango wa chumba cha kulala. Sasa Yandé akienda kulala anapanda juu ya kochi na kushuka upande wa pili. Amenitazama sana. Nimemkumbusha kwamba Jumapili baba yake atakaa hapo hapo alipokanyaga. Akatabasamu! Ninampenda sana mke wangu.

Ijumaa, 8 Mei

Lahaula!

Jana fundi wa king'amuzi hakuja. Leo kaja, kaunganisha, kawasha. Taarifa ya habari. Msomaji kavaa kanzu nyeupe, na kifuani pake kuna doa la waridi. Nikafuta kwa kitambaa. Halitoki. Nikasogea nyuma hadi dirishani. Lina masikio. Lina pua ya mviringo. Linacheka.

Nguruwe! Nguruwe mzima, mnene, amevaa kofia ya mpishi, yuko katikati ya runinga yangu. Fundi akaeleza huku anajizuia asicheke: kioo hiki kilikuwa kwenye bucha huko Ulaya, kimeonyesha picha ile ile miaka na miaka, mpaka ikagandia. Haitoki tena. Nikimweka yeyote kwenye skrini, imamu, rais, mwimbaji, nguruwe yupo naye.

Nimetoa kondoo wa Idi, nimeletewa nguruwe. Na mgeni wangu ni alhaji!

Mbio mpaka kwa Bara. Nimefika nafoka. Nimemwita tapeli. Akacheka hadi akakaa chini. Akawauliza wateja wamewahi wapi kuona Ndiaye anamkasirikia Diop. Wote wakanigeuka! Mama mmoja wa makamo akasema aibu, tena kubwa, mtani hanuniwi, na kama nilitaka biashara ya watu wazima ningeingia na salamu za watu wazima. Bara akasema mimi ndiye niliyeanza kwa utani, basi na mzigo wangu ni wa utani. Akanipa chai. Nikanywa, nifanyeje?

Kondoo wangu amefungwa nje ya duka. Ameniona akageuza uso.

Jumamosi, 9 Mei

Siki: hapana. Ndimu: hapana. Dawa ya meno: nguruwe sasa ana meno meupe zaidi.

Lakini jioni, ajabu! Nimeweka filamu ya majambazi, mambo yote gizani, na nguruwe hayupo. Kapotea kabisa! Nimekaa nimetazama nusu saa nzima. Hakuna sikio, hakuna pua. Nimepona! Runinga imejitibu yenyewe. Nilijua.

Hapo hapo nikatoka nyumba kwa nyumba kuwaalika watu. Massamba nimemwalika wa kwanza, nikamwambia nafasi ya sakafuni ipo. Halafu kwa Pa Waly. Nikavua viatu, nikachuchumaa, nikamweleza kwamba kwangu atamwona Reli mkubwa kama alivyo, hata macho yakichoka. Mzee akauliza kama kweli ataweza kujua yupi ni kijana wake. Nikamwapia. Akasema vema, mwanangu, nitakuja.

Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo. Yandé alipoambiwa alikimbilia jikoni, nikamsikia anaimba huku anakata vitunguu.

Jumapili, 10 Mei

Lazima niandike yote.

Watu walijaa. Walikaa mpaka juu ya friji, wengine nusu mwili nje ya dirisha lisilo na nondo. Pa Waly katikati ya kochi, kanzu yake ya bluu, fimbo mapajani. Yandé akapakua wali wa samaki. Saa nzima ngoma, wapiganaji wanacheza, wanajimwagia dawa za waganga, rangi zimejaa. Nguruwe kimya. Nikamkonyeza Massamba.

Kisha uwanja ukasafishwa, wapiganaji wawili wakabaki, kamera ikashuka. Mchanga. Mchanga mweupe pee, skrini nzima! Na katikati ya mchanga, taratibu, masikio.

Pa Waly alikunja uso, akasogea mbele, akanyoosha fimbo. "Huyu mnene wa katikati ndiye refa? Mbona kakaa tu, hawatenganishi?"

Nikasema naam baba, ni refa, ni mgeni. Massamba akalipuka. Akapiga mapaja, akalia machozi, akamwambia mzee kwamba huyo si refa, hiyo ni kitimoto yenye kofia! Kisha akanitazama mimi, akasema sasa ndiyo kaelewa kwa nini alimwona kondoo wa Yandé dukani kwa Bara Diop anakula maboksi.

Yandé alishusha kijiko. Sitaki kuandika alivyonitazama.

Pa Waly akasimama. Hakufoka, na hilo ndilo baya. Akaomba tu ashikwe mkono apelekwe kwa Massamba, haraka, pambano lisije likampita. Nyumba nzima ikamwagika: mabenchi, birika la chai, sinia la wali limebebwa na wanne. Nikabaki mimi na nguruwe.

Na hapo filimbi ikalia. Buldoza akaja, Reli akamdaka, wakazunguka, wakaanguka. Wakaangukia nyuma ya nguruwe! Niliona miguu minne hewani na kofia ya mpishi. Basi, kwisha! Thiès nzima ikanguruma. Reli kashinda! Na watu wangu wote walikuwa barabarani na sinia.

Pa Waly alisimama palepale kwenye mchanga wa barabara. Akauliza nani kaona. Watu wakatazama sinia. Akauliza tena, na safari hii nilimwonea huruma. Nikatoa kichwa dirishani, nikasema baba, mimi nimeona.

Nikamsimulia. Nilichoona na nisichoona. Reli kamkamata kiuno, kamnyanyua kama gunia la karanga, kamzungusha, Buldoza anaita mama yake, kisha puu! Mzee alikuwa anapunga fimbo. Halafu Massamba akaita kutoka kwake kwamba wanarudia. Wakaenda kutazama. Kumbe Buldoza aliteleza tu kwa mguu wake mwenyewe. Nilisikia kicheko chao hata nilipofunga mlango. Dirisha halifungiki.

Jumatatu, 11 Mei

Asubuhi Yandé alijifunga khanga kiunoni, akatoka. Nilimfuata kwa mbali.

Aliingia kwa Bara Diop. Bara akaanza mizaha. Yandé akamwambia yeye ni Faye, si Ndiaye, hana utani naye, hajaingia kucheka, na kondoo ni wake. Kisha akakasirika. Weee! Akakasirika kwa haki yake yote, na wateja wale wale walionichamba mimi wakamwambia Bara mrudishie mama wa watu mnyama wake. Bara alimfungua kamba mwenyewe. Akaomba na radhi!

Jioni gari la farasi likaja kuchukua nguruwe. Kupitia dirishani. Kile kijisanduku chetu cha zamani nilishamuuzia Massamba kwa ajili ya watoto wake, kwa hiyo sasa hatuna runinga yoyote. Ukuta mtupu. Kondoo yuko uani, Yandé anamwogesha na kuongea naye. Mimi haongei nami.

Jumanne, 12 Mei

Hodi baada ya swala ya alasiri. Pa Waly! Nikafikiri amekuja kumchukua binti yake. Nikavua viatu, nikachuchumaa, nikasubiri hukumu.

Alikaa kwenye kochi, akitazama ukuta. Akasema kwa Massamba aliona vivuli viwili tu, na watu wakamwambia mtu kateleza. Akasema hakumfundisha kijana wake kushinda kwa mtu kuteleza. Pambano langu lilikuwa bora. Niseme tena, kuanzia pale pa gunia la karanga.

Nikasema. Nikaongeza na mengine. Mzee alicheka, akapiga kochi, akanishika bega kunionyesha Reli alimkamata vipi, akanibana hadi nikakosa pumzi. Yandé akaleta chai. Vikombe vilikuwa vitatu. Akakaa nasi. Massamba akachungulia dirishani, akaomba kuingia. Mzee alipoondoka alisema pambano lijalo atakaa hapa hapa, na kama nina kazi siku hiyo niiache.

Nimekaa peke yangu kwenye kochi nikitafakari, na moyo umeniuma. Kama mzee anafurahi hivi kwa ukuta mtupu, je, angepata picha?

Kosa lilikuwa ukubwa. Inchi sabini na tano zilikuwa chache, nguruwe akaonekana wazi. Kaolack kuna mtu ana mashine ya kutupa picha ukutani, ukuta wote, mpaka darini. Hakuna cha mlango wala dirisha. Nimeshampigia simu, amekubali kubadilishana, anakuja kesho Yandé akiwa sokoni. Kondoo amefungwa kwa kufuli na ufunguo anao Yandé shingoni.

Friji haina kufuli.