Maji ya Mafuta kwenye Lusini ya Eusebio

Gazeti lilifika mezani kabla ya kahawa, na hapo ndipo asubuhi yetu ilipoharibika. Kijiwe chetu ni meza ya dirishani, duka la donati la kituo cha petroli, hapa Dos Pozos, kusini-mashariki mwa New Mexico. Mimi niliendesha greda la kaunti miaka ishirini na sita, nikisawazisha barabara zinazochimbwa na malori ya kampuni za mafuta, kwa hiyo msitegemee niwe mpole kwenye habari hii.

Aliyesoma ni Ofelia. Tunamwita Mkasi, kwa ajili ya saluni yake na pia kwa ajili ya mdomo wake.

"Haya, jimbo limeshapitisha," alisema. "Yale maji machafu yanayotoka visimani pamoja na mafuta, yakishachujwa, ruksa kumwagilia mashamba. Na kuyasimamia kutaugharimu umma dola milioni nne kila mwaka."

"Umma ndio nani?" aliuliza Eusebio, mkulima wetu.

"Ni wewe. Na mimi. Na huyu mzee wa greda na pensheni yake."

"Na kampuni inatoa ngapi?"

Mkasi akashusha miwani. "Ada ya kibali, dola mia na hamsini."

"Kwa lori moja?"

"Kwa miaka mitano."

Tulimgeukia Delmar. Jina lake la kijiweni ni Bomba. Anaendesha lori la maji hayohayo, na tangu aajiriwe Juni anaitetea kampuni kama vile aliianzisha yeye kwa mtaji wa mama yake.

"Msinitazame mimi," alisema huku akipaka siagi kwenye donati ambayo tayari ilikuwa na sukari. "Hiyo ni teknolojia. Teknolojia ina gharama."

"Kweli kabisa, ndiyo maana tunailipia sisi," alisema Mkasi. "Bomba, leseni yangu ya kukata nywele inanitoa pesa nyingi kuliko hiyo yenu. Na bado anakuja mtu na tochi kuangalia kama chanuo langu limelala kwenye dawa. Chanuo. Nyinyi mnamwaga mapipa elfu kumi na mnaulizwa habari za asubuhi."

"Acha zako. Mkiibana kampuni sana, inahamia Texas."

"Mafuta yako chini ya miguu yetu. Itahamia Texas na nini, na viti?"

Niliona niingilie. Hapa mezani tuna utaratibu: kila asubuhi tunatikisa dadu kwenye kikombe cha ngozi, na anayepata namba ndogo kuliko wote ndiye anayelipia meza nzima. Hakuna anayejua nani alianzisha, lakini hata mchungaji akikaa hapa anatikisa.

"Mimi naiona hivi," nilisema. "Kampuni imekaa na sisi, imekula burito sita za pilipili ya kijani, imeagiza na ya kubeba. Dadu zikifika kwake, iko chooni."

Bomba alikohoa, maana jana dadu zilipomfikia yeye ndiye aliyekuwa chooni.

Eusebio hakucheka. Ana ekari arobaini za lusini, majani wanayoyapenda ng'ombe wa maziwa, na shamba hilo ni la baba yake. Tangu Jumapili maji ya kisima chake yamepungua na pampu inatapika tope. Mfukoni mwa shati alikuwa na mkataba wa maji ya kampuni, bure kabisa, mwisho wa kusaini saa sita mchana siku hiyohiyo. Kalamu alikuwa ameletewa na Bomba.

"Saini, jirani," Bomba alisema, sasa kwa sauti ya upole. "Lusini yako itakufa unaiangalia. Mimi nakutakia mema."

Hapo alisema kweli, na ndiyo maana kumchukia Bomba ni kazi ngumu.

Mkasi aliuchomoa ule mkataba mfukoni mwa Eusebio bila hata kuomba. "Ngoja nione. Eeh, hapa pazuri. 'Maji yakishavuka geti ni mali ya mkulima, pamoja na chochote kilichomo.' Yaani yakiwa kwao ni teknolojia, yakifika kwako ni msala wako."

"Ni lugha ya mawakili tu hiyo," alisema Bomba.

"Na mawakili wanaandikaga utani?"

Mlango ukafunguka, akaingia Prentice, mkaguzi wa maji wa jimbo. Tunamwita Ofisi Nzima, kwa sababu katika kaunti tatu mkaguzi ni yeye, karani ni yeye, na anayepokea simu ni yeye. Aliagiza kahawa nyeusi akavuta kiti.

"Umekuja wakati wake," nilimwambia. "Haya maji, mmeyapima?"

"Tumeyapima."

"Mmepima nini?"

"Vitu kumi na vinne."

"Na ndani mna vitu vingapi?"

Alikunywa kwanza. "Wanasema elfu moja na zaidi. Vingine kampuni haivitaji, ni siri ya biashara."

"Mbona mnapima kumi na vinne?" Mkasi alidakia.

"Kwa sababu bajeti inatosha kumi na vinne, dada. Kupima vyote ni dola elfu themanini kwa shamba moja. Niliomba. Nikajibiwa kwamba gharama hiyo ni mzigo kwa walipa kodi."

"Tunaonewa huruma," nilisema. "Jamani, nani kasema serikali haina moyo?"

"Na chupa ya maji ya kupimwa unaichota mwenyewe?" aliuliza Eusebio.

"Gari la ofisi lipo gereji tangu Machi."

"Sasa nani anachota?"

Ofisi Nzima alimtazama Bomba. Bomba aliitazama donati.

"Naichota vizuri tu," alisema. "Hata chupa naisuuza."

Mkasi alijifunika uso kwa gazeti. Milioni nne za umma, na anayezilinda ni Bomba mwenye chupa iliyosuuzwa. Nilitamani kucheka nikashindwa, kwa sababu nilimwona Eusebio akiufungua mkataba na kuunyoosha mezani kwa kiganja.

"Bwana Prentice, mimi sina elfu themanini," alisema. "Nina mpaka saa sita. Ungekuwa wewe ungemwagilia?"

"Kisheria siruhusiwi kujibu hilo, mzee."

Eusebio alitikisa kichwa taratibu, akamgeukia Bomba. "Uwanja wa shule unaendeleaje?"

Hapa kwetu Ijumaa mji mzima huhamia uwanjani kuwaona vijana wa shule na kofia zao ngumu wakibomoana kwenye mpira wa Kimarekani, na mwenyekiti wa kamati ya uwanja ni Bomba. Aliona mazungumzo yamehama kwenda kwenye jambo la maana, akachangamka.

"Umekauka, jirani. Mji umepiga marufuku kumwagilia, na wiki ijayo ndiyo mechi kubwa ya mwaka. Katikati pamebaki vumbi tupu. Inaniuma hadi usingizi sipati."

"Basi mzigo wa kwanza wa maji yenu upelekwe kule," alisema Eusebio. "Mimi nachukua wa pili. Sina neno, nasaini sasa hivi." Akaigusisha kalamu kwenye karatasi.

Bomba alicheka, akagundua anacheka peke yake. "Uwanjani?"

"Uwanjani. Maji si salama?"

"Salama kabisa."

"Basi umwage."

"Eusebio, we nawe. Pale watoto wanaangushwa kifudifudi midomo wazi. Mwanangu Wade anarudi nyumbani na nyasi kwenye meno, sasa uniambie nikamwage..."

Akaiweka donati chini. Mkasi alilikunja gazeti kabla hajalimaliza, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa miaka tisa.

Eusebio aliifunika kalamu, akairudisha mbele ya Bomba pamoja na mkataba.

"Ng'ombe nao wanakula kwa mdomo," alisema. "Na maziwa yao anayanywa huyohuyo Wade."

Alisema ekari ishirini ataing'oa lusini aziache tupu, maji kidogo ya kisima na tope lake yatunze ishirini zilizobaki, na mwakani ataona. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeagiza chai. Mimi nilimwona baba yake akiyapanda majani yale, na iliniuma sana.

Bomba alibaki ameikamata kalamu. "Sikumaanisha hivyo," alisema. Tulianza kunyanyuka mmoja mmoja.

Ofisi Nzima alikuwa ametoa daftari. "Saa ngapi sasa?"

"Mbili na dakika kumi," nilimwambia. "Unaandika nini?"

"Kipimo. Ndicho pekee mwaka huu kilichofanyika mbele ya macho yangu." Aliandika hadi mwisho wa mstari ndipo akanisomea. "Aliyejaribiwa, dereva wa kampuni. Matokeo, ameyakataa maji. Gharama kwa umma, hakuna."