Zoezi la Kusikiliza Mashine

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu. Nikiwa nimeongeza neno, ugali wa leo unikabe kooni.

Mwaka 1976, kijiji chetu kipya, huko vilimani kati ya Kasulu na Kibondo, kilitangaziwa jambo zito: imeundwa Kamati ya Kutathmini Hatari, Kujenga Ustahimilivu na Kuongoza Ujio wa Mashine. Mashine yenyewe, ya kusaga unga, ilikuwa imeshakuja zamani. Iliteremshwa kwenye lori, ikafungiwa bandani, ikabaki inangoja kuongozwa. Mimi ndiye niliyekuwa Katibu. Ufunguo wa banda niliuvaa shingoni, nikawa ninatembea taratibu ili uonekane.

Wakati huo wanawake walikuwa wanatwanga. Aliyepata taabu kuliko wote ni Generosa, mjane wa watoto wanne. Bega lake lilitenguka siku tulipohamishwa kutoka Heru Juu, kwa sababu alikataa kuuacha mlango wa nyumba yake akaubeba mgongoni. Mchi haukunyanyuka tena. Udaga wake, ile mihogo iliyovundikwa na kuanikwa ipate kuwa unga, ulikuwa unaota ukungu mkekani, na watoto walikula mihogo ya kuchemsha mpaka wakawa wanalia wakiona sufuria.

"Ndugu Katibu," aliniuliza, "mashine inafunguliwa lini?"

"Mama, hatari bado zinatathminiwa."

"Hatari zipi?"

"Hatujaziona. Ndiyo maana zinatisha."

"Na hili bega langu?"

"Hilo limeshatokea, mama. Kamati inashughulikia yajayo tu."

Kikaoni tulikuwa watatu. Athuman, mwenye duka, aliogopa kelele zitawafanya kuku waache kutaga. Mwenyekiti wetu, Mzee Pasikali, aliona mbali zaidi.

"Mwanamke asiyetwanga ana nafasi," alisema. "Mwenye nafasi atakuja mkutanoni. Akija, atauliza maswali."

Nikaiandika: hatari ya daraja la kwanza.

Tatizo ni kwamba hata wake zetu walichoka. Wa kwangu alinikabidhi mchi akasema, "Tathmini na huu." Ndipo Kamati, baada ya kutafakari kwa kina na kwa njaa, ikaanzisha Zoezi la Kusikiliza. Kila Jumamosi kijiji kizima kingevuka kijito, kipande kilima cha pili na kusikiliza kama mlio una madhara. Sisi watatu tungebaki bandani kuikabili mashine kwa niaba ya umma. Kila mjumbe angekuja na gunia lake la udaga, kwa sababu mashine tupu haipimiki.

Ili mambo yaonekane ya kitaalamu, niliandika Mpango wa Ustahimilivu nikausoma hadharani: mlio ukikatika ghafla, ijulikane kwamba Kamati imepatwa na maafa. Kila mwananchi akimbie na chombo cha maji, avunje chochote kinachomzuia, akimwagie chochote kinachotingishika, asiulize.

"Ndugu Leonidasi," Pasikali alinisifu, "hiki ni Kiswahili cha Dar kabisa."

Mazoezi ya mwanzo yalifana. Watu walipanda, sisi tukasaga, watu wakashuka, Generosa akatoa taarifa.

"Tumeisikia," alisema. "Inalia kama mtu aliyeshiba."

Jumamosi moja Pasikali akaja na udaga ambao haujakauka.

"Mzee, huu bado una maji," Athuman alimwambia.

"Mwenyekiti hapa nani?"

Akaumimina wote. Mashine ikakohoa, ikaguna, ikanyamaza.

Tuliangaliana. Kisha tukaukumbuka Mpango.

"Piga hendeli!" nilipiga kelele. Athuman akaizungusha mpaka kofia ikamdondoka. Mashine kimya. Kutoka kilimani tukasikia yowe, kisha miguu ya kijiji kizima ikishuka. Pale kijitoni wakachota. Ndoo, vibuyu, masufuria. Nilifunga mlango kwa ndani. Wakauvunja, kama nilivyoelekeza.

Mbele alikuwa Generosa, ndoo katika mkono mzima. Aliona viumbe vitatu vyeupe mpaka kope.

"Yebaba we! Vinatingishika!" alisema. "Mwageni!"

Unga na maji, kila mtu anajua vinakuwa nini. Pasikali alifumbua mdomo atoe agizo, ukagandana.

Maji yalipokwisha, Generosa akayatazama magunia.

"Ndugu Katibu, haya nayo ni nini?"

"Sampuli, mama."

"Sampuli za nani?"

"Za... za umma."

"Ahsante. Umma umezipokea."

Mkutano ulifanyika papo hapo, kwenye tope la unga. Kamati ilivunjwa bila ajenda. Nikavuliwa ufunguo, akavishwa Generosa. Athuman aliikwangua mashine ikapona, na udaga uliotangulia kusagwa ni ule wa mjane, hendeli nikiizungusha mimi. Faini ikawa ya kawaida ya kwetu, mtungi wa pombe ya ndizi kwa kila mkosaji, ila akina mama waliongeza sharti: tuikamue wenyewe, kwa mikono yetu, na wanaokunywa ni wao.

Sikuwahi kukamua ndizi maishani. Siku ya kulipa niliuweka mtungi mbele yao, nikasimama pembeni kama mshtakiwa. Generosa akavuta kwa mrija, akatema kando.

"Huu haujaiva, Ndugu Katibu. Kalete mwingine."

Nikarudi migombani. Wao wakaketi kuningoja, miguu wameinyoosha, na wala hawakuwa na haraka.