Atakayekiona Kisiwa Kwanza

Jumatatu, 4 Machi
Kesho tunavuka kwa mashua kutoka kisiwa cha Tarawa kwenda kisiwa cha Marakei. Mimi, shemeji yangu Bwereia, na shangazi yake, Nei Terengaua. Bwereia amewaambia waumini wote kwamba macho yangu yamechoka. Tumekubaliana: atakayekiona kisiwa kwanza ndiye nahodha mpya wa mashua ya kanisa. Visiwa vyetu havina milima. Aliyekaa haoni minazi mpaka akaribie. Aliyesimama juu huiona mapema. Bwereia hajalifikiria hilo. Mimi nimelifikiria.

Jumanne, 5 Machi
Nilipanda juu ya pipa la petroli. Shangazi akaniambia nishuke. Nikamwomba dakika moja. Wimbi likatupiga ubavuni, pipa likapinduka, kifuniko kikang'oka. Petroli yote baharini. Saa tisa injini ikazima. Bwereia hajanitukana. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumatano, 6 Machi
Mkondo unatuvuta magharibi. Zimebaki nazi nne. Nimetangaza nchi kavu mara mbili. Mara ya kwanza wingu. Mara ya pili, wingu lile lile. Bwereia kasema nikitangaza tena atanitosa. Midomo imepasuka. Nimemkumbuka mke wangu, nikageuza uso nilie. Nadhani wameniona.

Alhamisi, 7 Machi
Tu hai! Asubuhi shangazi alituonyesha wingu lisilosogea, tumbo lake kijani. Nikamwambia sioni kisiwa chochote.
"Hutakiona, bado kiko mbali," akasema. "Lakini maji yake ya kina kifupi yanang'aa mpaka juu na kulitia wingu kijani. Elekezeni pale."
Tukatandaza mkeka wake uwe tanga. Tukapiga makasia mpaka viganja vikachubuka. Saa nane, bado bahari tupu. Bwereia akasema tunakufa kwa ajili ya wingu. Saa kumi vichwa vya minazi vikachomoza majini, vidogo kama ncha za nywele. Bwereia akalia waziwazi. Si Marakei, ni Abaiang. Nimeubusu mchanga wake.

Jumapili, 10 Machi
Tumerudi Tarawa. Wazee wamempa Nei Terengaua unahodha kwa kura. Bwereia msaidizi wake. Mimi nimekatazwa hata kusimama mashuani. Sawa, nitakaa. Siri ni rangi ya mawingu, basi! Nimeazima miwani ya kijani ya mwalimu wa shule, nikaijaribu ufukweni baada ya ibada. Mawingu sita, yote kijani. Visiwa sita! Wiki ijayo naomba kura ipigwe upya.