Baiskeli Iliyolia Bu

Leo nimeumbuka. Tena nimeumbukia Nachingwea, sokoni, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja zao kununua nyanya.

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana kundi letu hili la baiskeli nalijua. Habari ikifika kwenu kupitia kwa mtani wangu Chilumba, itakuwa imeongezewa chumvi mpaka hailiki.

Baiskeli yangu mpya mnaijua. (Mpya kwangu. Huko ng'ambo ilikotoka walishaichoka.) Ni ile nyeusi ya kaboni niliyoichukua kwa huyo huyo Chilumba, anayeuza baiskeli za mtumba pale Nachingwea. Siku ya kuinunua nilimuuliza kuhusu mikwaruzo ya kwenye fremu. Akanijibu, "Mtani, hata wewe ungesafirishwa kwenye kontena ungekwaruzika." Nikacheka, nikaichukua. Sikukagua kitu. Nilikuwa nimeshaiinua kwa mkono mmoja, nikaona wepesi ule, moyo ukaenda wenyewe.

Nyumbani Ruangwa naishi na mama yangu, Bi Somoe. Alipoiona aliiinua kwa vidole viwili, akaitazama, akanitazama.

"Salumu, hii ni baiskeli au ungo?"

"Ndiyo kaboni hiyo, mama. Ni nyuzi zimegandishwa kwa gundi. Nyepesi, lakini ngumu kama chuma."

"Lori likikupita je? Upepo wake si utakupeperusha?"

Nilicheka sana. (Nilicheka kwa ujinga, mtaona.) Kwa mama, baiskeli ni ile ya marehemu baba: chuma kitupu, keria ya nondo, kazi yake magunia ya korosho kutoka Narung'ombe. Hata siku ambayo hakuwa na mzigo, baba alifunga gogo la kuni kwenye keria, ili baiskeli itulie isirukeruke kwenye mashimo. Wengi wa kwetu walifanya hivyo. Baiskeli tupu haiaminiki. Basi mama akanyamaza, na mimi nikadhani tumemaliza. Miaka yote hii sijajifunza kwamba mama akinyamaza ana mpango.

Wiki hii niliona baiskeli imekuwa nzito kwenye kile kilima cha kwenda Likunja. Nikajilaumu mwenyewe. Nikapunguza chapati.

Sasa tuje leo. Asubuhi mmoja wenu (unajijua) akaandika humu: "Jamani, wenye kaboni za mtumba mzikague kabla ya Jumapili. Chuma hupinda kwanza, kinakuonya. Kaboni haina onyo, inakatika tu. Chukua sarafu, gonga taratibu kila mahali. Ikilia kali ni nzima. Ikilia nzito, kuna ufa ndani."

Mimi ni fundi simu. Jambo lolote lenye neno "kagua" nalipenda. Nikachukua sarafu, nikachuchumaa uani.

Bomba la juu: ti, ti, ti. Safi!

Bomba la chini: ti, ti, ti. Safi!

Bomba la katikati, lile linaloshuka kutoka kwenye siti kwenda kwenye pedeli: bu.

Bu? Nikagonga tena. Bu. Nikahamia juu kidogo. Bu. Nikalitukana, nikagonga. Bu.

Jasho likanitoka. Jumapili tumepanga kwenda wote mpaka Nachingwea, na nyie mnajua kule kwenye mteremko mimi huwa sishiki breki. (Ndiyo sifa yangu pekee kwenye kundi hili.) Nikajiona niko kasi, fremu inakatika, mimi naendelea na safari bila baiskeli.

Mama alikuwa anamenya mihogo. "Unagonga nini tangu asubuhi?"

"Fremu imekufa, mama. Ina ufa ndani. Sikiliza." Nikamgongea. Bu.

Mama akaacha kisu. "Hapo?"

"Hapo hapo."

"Hebu subiri kwanza, mwanangu, kuna kitu nataka nikwambie..."

"Mama, haya mambo ya kaboni niachie mimi."

Ikumbukeni hiyo sentensi. Mimi sitaisahau.

Nikasimamisha kirikuu kilichokuwa kinapeleka mzigo Nachingwea. Mama akatoka ndani amejifunga kanga ya safari. Anakwenda wapi? "Nina dada yangu huko," akasema. Akapanda mbele kwa dereva, mimi nikakaa nyuma na magunia ya mbaazi, nimeikumbatia baiskeli kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Mara mbili mama aligeuka akanigongea kioo. Nikampungia mkono.

Tumefika. Chilumba kaketi mbele ya baiskeli zake. Alipomwona mama akasimama vizuri. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu kiti."

Salamu hazijaisha vizuri, mimi nikapasua sauti. "Mtani! Umeniuzia jeneza!"

Soko lote likageuka. Na mimi, jamani, nikipata watu wa kunisikiliza ninakuwa na ugonjwa. Nikaiegesha baiskeli katikati, nikainua sarafu juu. "Ndugu zangu, sogeeni. Hii ni kaboni. Chuma kinakuonya, kaboni haionyi!" Nikagonga bomba la juu, ti. Nikagonga la chini, ti. Nikanyamaza kidogo kama imamu kabla ya hotuba, kisha nikagonga la katikati.

Bu.

"Mmesikia?"

"Tumesikia!" Mama muuza nyanya akaongeza, "Kweli, limelia kama nazi mbovu." Nikamshukuru kwa ushahidi.

Chilumba hakuwa anacheka. Uso ulikuwa umembadilika, maana mtani ni mtani, lakini hapana anayetaka kuuza kitu cha kumuua mwenzake.

"Salumu," mama akaita nyuma yangu, sauti ya chini.

"Subiri, mama."

"Salumu, ni mchanga."

Hapo ndipo nilipolikoroga. Nikawageukia watu, nikatabasamu lile tabasamu la msomi. "Mama yangu anasema ni mchanga. Mchanga, mama? Ndani ya fremu? Umeingiaje, umepanda kwa ngazi?"

Watu wakacheka. Mama akavuta kanga akajifunika mdomo, akatazama chini. Nikaendelea na hotuba.

"Hebu tuache maneno," Chilumba akasema. "Tutoe siti tuone ndani." Akafungua kile kikono cha kulegezea siti, akaichomoa siti pamoja na bomba lake, akamulika na simu kwenye tundu. Akainama. Akainuka, akanitazama. Akainama tena.

"Kuna kitu humu."

Akaingiza vidole viwili, akavuta. Kikaanza kutoka kitu kirefu, kimevimba, kimefungwa fundo juu. Kilitoka polepole, kama vile nacho kilikuwa kinaona haya. Kilipomalizika kutoka, Chilumba akakiinua juu kila mtu akione.

Soksi. Ndefu, nyeupe zamani hizo, imejaa mchanga mpaka kwenye fundo. Na pembeni, kwa uzi mwekundu, herufi kubwa: SALUMU.

Ni soksi yangu ya shule. Mama ndiye aliyeishonea hilo jina nilipokuwa naenda bweni, ili isiibiwe. (Mwenzake aliibiwa.)

Watu wakalisoma jina kwa sauti. Kisha soko likalipuka. Muuza nyanya ilibidi aketi chini. Kuna mzee alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, wakamletea maji. Chilumba, machozi yanamtoka, akanikabidhi soksi kwa mikono miwili kwa adabu zote. "Mtani, mimi nilikuuzia baiskeli. Soksi sikukuuzia."

Nikamgeukia mama. "Mama?"

"Nilisema mchanga," akajibu.

"Lakini kwa nini, mama?"

Akaikunjakunja ncha ya kanga. "Ilikuwa nyepesi mno. Nikasema niitie uzito kidogo, itulie njiani. Nimetafuta pa kuweka gogo sikupaona, haina hata keria." Watu wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. "Baiskeli ya baba yako ilikuwa chuma, Salumu, na bado ilimwangusha. Hii nikaiona haina kitu cha kukushika."

Muuza nyanya akainuka pale alipoketi. Baba alianguka akitoka Narung'ombe na magunia, foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilikatika. Mguu haukunyooka tena mpaka anaondoka duniani. Kila alfajiri mama alimpa bega mpaka mlango wa msikiti, kisha akarudi peke yake gizani, na mimi nilikuwa mtoto nimelala. Mambo haya nayajua. Ila kwenye hotuba yangu ya kaboni hayakuwemo.

Nilitamani ardhi inimeze. Soksi ni kitu kidogo jamani, soksi ningeivumilia. Lile la "umepanda kwa ngazi" ndilo lililonichoma.

Nikataka kumwambia neno, lakini Chilumba akaniita. "Mtani. Njoo hapa." Hakuwa na utani. Alikuwa bado ameshika siti na bomba lake, analigeuzageuza juani.

"Pitisha kucha."

Nikapitisha. Kwenye mikwaruzo kucha iliteleza tu. Lakini chini kidogo, pale kikono kinapobana, mahali ambapo bomba likiwa ndani hulioni, palikuwa na mstari mwembamba umelizunguka nusu. Kucha ikanasa.

"Huo si mkwaruzo," Chilumba akasema. Akalibonyeza kwa dole gumba, likalia krr. Akaliweka kwenye goti, akalipinda. Wala hakutumia nguvu.

Pwaa!

Likakatika vipande viwili, nyuzi nyeusi zimechomoza kama ufagio uliochakaa, ncha kali kama sindano. Watu wakarudi nyuma. Jumapili ningekuwa nimekalia kitu hicho, kwenye mteremko, bila breki. (Wanaume wenzangu, sina haja ya kuwaeleza zaidi.)

Mama akasogea, akalitazama. "Huo mstari niliuona siku ile naitia soksi," akasema taratibu. "Nikajua ni urembo."

Hapo sikujizuia. Nilicheka mpaka nikachuchumaa, na yeye akacheka, mkono mdomoni, na Chilumba naye, na soko zima kwa mara nyingine. Ila nawaambia ukweli, nusu ya kicheko changu ilikuwa kilio. Kama mama asingenitilia mchanga, fremu isingelia bu. Isingelia bu, hakuna ambaye angeichomoa ile siti kabla ya Jumapili.

Chilumba akaomba radhi, kwanza kwa mama, halafu kwangu. "Nilipaswa kulitoa nilikague kabla ya kuuza. Sikulitoa." Akaipitishia kucha baiskeli nzima na kuigonga kwa sarafu, foku, usukani, kila bomba. Yote ikalia ti, hata bomba la katikati. Lile bomba la siti lililokatika alilivunja vipandevipande ili lisije likaokotwa na mwingine akalifunga. Akanitafutia bomba la siti la chuma, la zamani, zito. Mama akalipima mkononi kama anayenunua muhogo.

"Hili sasa ndilo bomba," akasema.

Wakati wa kurudi nilimwomba dereva tukae wote watatu mbele. Nikamwambia mama anisamehe, nilimkatiza tangu asubuhi, halafu nikamfanya kichekesho mbele za watu.

"Si na mimi nimekuumbua na soksi," akajibu. "Tumemalizana." Kisha, tukiwa karibu kufika, akauliza kama anayeuliza habari za mvua: "Iko wapi?"

"Nini?"

"Soksi."

Ilikuwa mfukoni mwangu. Sijui kwa nini sikuimwaga kule sokoni. Tumefika nyumbani, yeye akarudi kwenye mihogo yake, mimi nikafungua kikono, nikachomoa siti, nikaishusha soksi mwenyewe ndani ya fremu, jina juu. Nikagonga na sarafu kuhakikisha.

Bu.

Alinisikia. Jikoni akaanza kuimba.

Kwa hiyo Jumapili mkiniona nimebaki nyuma kwenye kilima msiniulize, na kwenye mteremko mtaniona nimeshika breki. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana siku hiyo mama anasema atakuja kutuaga, na ameniuliza kama na nyie za kwenu ni nyepesi.